Nyufa za Uwanja wa Kahawa

Kama kuna kitu Lusenge alikichukia kuliko vita, ni maji. Vita angalau vilikuja na kuondoka. Vilipita vikienda Beni, vikapita tena vikienda Lubero, na watu wa Butembo walishazoea kufunga maduka na kuyafungua bila kuulizana sana. Maji hayakuwa na tabia hiyo. Msimu wa mvua ulipofika yalishuka kila alasiri, yakaingia katika nyufa za uwanja uliokuwa juu ya nyumba yake, yakasafiri chini ya lami bila kuonekana, kisha yakatokeza nyuma ya kitanda cha mama yake.

Uwanja huo uliitwa uwanja wa kahawa, ingawa punje ya mwisho ya kahawa ilikwisha kuondoka zamani. Mfanyabiashara mmoja aliumwagia lami enzi za neema, malori yake yakawa yanageuka pale kwa raha zake. Alipokufa, watoto wake walihamia mbali, na vita vilipoingia waasi wakaona pananoga kwa kuegesha malori yao. Basi yale mazito yakakaa pale yakivuja mafuta, lami ikalainika, ikabonyea, ikapasuka, majani yakaota katika nyufa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona kwamba hilo linamhusu. Isipokuwa Lusenge, ambaye nyumba yake iko chini ya ukingo, na ambaye kwa bahati yake mbaya alijua kuziba nyufa.

Ujuzi huo aliupata katika kikosi cha kutengeneza barabara, kazi aliyoifanya tangu ujana hadi mvi zilipoanza kumtoka. Hakufukuzwa. Asubuhi moja lori la kuwachukua halikuja, na tangu hapo hajalisikia tena. Akabaki na birika la bati lenye mdomo mrefu, chuma kilichopindwa cha kuchokolea nyufa, brashi ya waya, na mazoea ya kutembea akitazama chini. Watu walimwita Papa Gudron, yaani Baba Lami. Mkewe, Katungu, alipenda kuwaambia watu kwamba Lusenge alipokuja kumposa aliinamisha macho tangu mlangoni hadi kitini, wazazi wakasifu adabu yake, kumbe alikuwa anakagua sakafu.

Alikuwa mtu wa kunyamaza. Wengine hunyamaza kwa busara. Yeye alinyamaza kwa sababu kueleza kulimchosha kuliko kubeba mawe. Akiona jambo limeharibika, anakwenda kulitengeneza, basi. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia anafanya kazi.

Sasa huo ukuta. Chumba cha nyuma kilijengwa na marehemu baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Alichimba mlima, akauegemeza ukuta wa matofali mabichi kwenye ukingo, akaubana kiasi kwamba hata jembe halipiti nyuma yake. Kuchimba mtaro hapo hakuwezekani. Na ndani ya chumba hicho alilala mama yake, Élise, bibi kizee ambaye miguu yake iliacha kumtii. Kitanda kilikaa palepale kilipokaa wakati mumewe yuko hai, kichwa kikielekea ukuta. Ukuta ulikuwa unalowa kutoka chini, rangi ya udongo ikipanda kidogo kidogo kila mvua, na Lusenge akibonyeza kwa kidole kilikuwa kinaingia. Ukianguka, utamwangukia bibi kichwani. Hilo alilijua, na lilimkosesha raha ya chakula.

Lakini angemwambiaje? Amwambie mjane kwamba ukuta wa mumewe umeoza? Ilikuwa kama kwenda kumtukana marehemu mbele ya mkewe. Kwa hiyo alimdanganya kwamba maji yanatoka kwenye bati. Na uongo ukishaingia nyumbani unataka kulishwa, kwa hiyo mara kwa mara alipanda juu ya paa na nyundo, akagonga misumari ambayo haikuhitaji kugongwa, ili mama asikie kwamba bati linatengenezwa. Majirani walimwona juu kule akigonga, wakatikisa vichwa.

Mara moja tu alijaribu kumhamisha, tena kwa kuzunguka.

"Mama, kule jikoni kuko moto muzuri. Hapana unataka kulala kule kidogo?"

"Hapa niko muzuri, mwana wangu," Élise alijibu. "Weye fanya kazi yako."

Akaona amekataliwa. Mama hataki kutoka katika chumba cha mumewe, na haki anayo. Basi lililobaki ni kuzuia maji huko huko juu, kabla mvua kubwa hazijafika.

Lami ndiyo iliyokuwa kikwazo. Butembo nzima ungeweza kupata vitenge, pikipiki, na miavuli kutoka huko mbali kunakotoka miavuli, lakini lami ya kuyeyusha hakuna. Akakumbuka kwamba Maliro, mwenzake wa kikosini, anayeishi Beu huko Beni, alibaki na nusu pipa. Akapanda lori la mizigo, akafika jioni akiwa mwekundu kwa vumbi. Pipa lilikuwepo kweli, kuku wakilitumia kama kiti. Maliro alifurahi kumwona, akampa bila masharti, akamwambia tu asiwasumbue kuku.

Asubuhi, kungali na baridi, lami ilikuwa ngumu kama jiwe. Waliipasua kwa shoka, wakajaza vipande katika magunia mawili, na Lusenge akapanda lori la kurudi akiwa mtu mwenye furaha. Furaha hiyo ilidumu hadi kizuizi cha kwanza.

"Ni nini hii?" mwanajeshi aliuliza, akichoma gunia kwa kijiti.

"Ni gudron, chef."

"Gudron ya barabara gani?"

Aliuliza akiwa amesimama kwenye tope lililomfika vifundoni, katikati ya barabara kuu ya Beni na Butembo. Lusenge angejibu nini, na barabara yenyewe iko pale inajionyesha? Walimteremsha, wakafungua magunia, wakanusa, wakaitana kuja kunusa, wakafikiri ni dawa ya kutengenezea mabomu, kisha wakachoka, wakamwacha. Kizuizi cha pili wakaanza upya. Na jua nalo halikuwa limelala. Lilipofika utosini lami ililainika ndani ya magunia, ikashikana na magunia yenyewe, ikashikana na ubao wa lori, ikashikana na furushi la mama mmoja wa Oicha aliyekuwa anapeleka nguo za maombolezo. Mama yule alimsema kuanzia hapo hadi Butembo bila kupumzika. Lusenge hakumjibu, na kutojibu kwake kukamchochea zaidi yule mama.

Lami ilifika, basi, ikiwa imekuwa kitu kimoja na magunia. Alijiambia atachuja nyuzi wakati wa kuyeyusha. Kilichobaki ni malori.

Komanda wa waasi pale uwanjani aliitwa Benoît, mtu wa mkoa wa Équateur, kule kwenye joto, aliyeletwa na vita hadi kwenye baridi ya Butembo na ambaye hakuacha kuvaa makoti mawili. Lusenge alikwenda akasimama mbele yake na kofia mkononi.

"Papa, nani amekutuma?" Benoît aliuliza.

"Hakuna mutu, mon commandant. Nyumba yangu iko pale chini. Maji ya uwanja inaingia."

"Donc unataka kutengeneza uwanja yetu, sababu ya nyumba yako."

"Ndiyo."

Komanda alimwangalia kwa muda, labda akitafuta hila, asiione. "Likambo te, hakuna neno. Malori yote inaenda Oicha lundi. Fanya. Lakini ikirudi, inarudi. Hapana unikujie na maneno."

Huo ulikuwa ukarimu mkubwa kuliko wote aliouona tangu vita vianze, na Lusenge alishuka mlima nusura apige mluzi.

Jumatatu malori yaliondoka. Lusenge akapiga magoti kwenye uwanja mtupu, akaanza kuchokoa. Aling'oa majani na mizizi yake, akakwangua udongo, akapiga brashi mpaka ukingo wa ufa ukawa safi, kisha akachoma nyasi kavu juu yake ili unyevu utoke. Kazi hii haitaki haraka. Ufa ukibaki na vumbi, lami hukaa juu tu kama ukoko wa kidonda, na mvua ya kwanza inaubandua. Ufa mrefu ulianzia lango la uwanja ukaja moja kwa moja hadi ukingoni, juu kabisa ya nyumba yake. Nyingine fupi zilijigawa pembeni. Alipomaliza kusafisha magoti yalikuwa yamevimba, na hakuna mtu aliyemsaidia, kwa sababu hakumwomba mtu.

Siku iliyofuata aliyeyusha lami, akachuja nyuzi za gunia kwa wavu, akamimina kwa birika, polepole, mpaka kila ufa ulijaa ukawa sawa na uwanja. Juu ya lami ya moto inatakiwa kunyunyizwa mchanga mkavu ili isinate. Mchanga wa mtoni ulikuwa umelowa, na mchanga uliolowa juu ya lami ya moto hurukaruka kama bisi na kukuunguza. Akafikiri, akaenda kwenye tanuri la matofali lililo karibu, akaazima pauro ya kuchotea, akajaza majivu makavu, laini, akayanyunyiza juu ya nyufa zote. Yakakaa vizuri. Uwanja ukabaki na mistari myeupe, mizuri kuitazama, na Lusenge akasimama pale akiona fahari ambayo alikuwa ameisahau. Lami ilihitaji siku mbili tatu za kutulia bila kuguswa. Malori hayapo. Nani mwingine angekuja pale?

Alishuka nyumbani, akala, akalala. Hakumwambia mtu.

Hapo ndipo penye kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya, maana kwingine majivu ni uchafu. Butembo mwanamke akiona majivu haoni uchafu. Majivu anayachanganya na maharage ili fukusi wasiyaingie, anayasugulia sufuria. Na mwaka ule wanawake walikuwa na shida yao, kubwa. Mashamba ya chini kuelekea msituni yalikuwa yamejaa watu wenye bunduki, kwa hiyo walishuka mbiombio, wakang'oa mihogo yote waliyoweza, wakakimbia nayo. Walishailoweka, wakaivunja vipande, na sasa ilikuwa inaanza kunuka vibaya kwa kukosa mahali pa kuianika. Hapakuwa na sehemu tambarare inayopokea jua kama uwanja wa kahawa, lakini tangu malori yaingie hawakuthubutu kukanyaga.

Basi alfajiri wakatazama juu, wakaona malori hayapo. Wakapanda, wakaona nyufa ambazo zilikuwa zinameza vipande vyao miaka yote zimezibwa, na zimepakwa majivu safi. Wakafagia, wakamwaga mihogo, uwanja mzima ukawa mweupe. Katungu alikuwa wa kwanza kumwaga yake.

Lusenge alikuwa ametoka mapema kwenda kumrudishia mwenye tanuri pauro yake, na huko wakamkalisha. Aliporudi jua lilikuwa limekwisha kupanda. Alisikia kelele za wanawake kabla hajaona kitu, akapanda uwanjani mbio.

Lami ilikuwa imelainika chini ya majivu, na mihogo ikazama ndani yake. Palipopita ufa, palikuwa na mstari mzima wa mihogo iliyonata. Wanawake walikuwa wamepiga magoti palepale alipopiga yeye, kila mmoja na kisu, wakichokoa chakula cha watoto wao kutoka kwenye lami, na kila kipande cha muhogo kilichotoka kilitoka na kipande cha lami. Ufa mrefu ulikuwa wazi tena kuanzia langoni hadi ukingoni. Lusenge alihisi machozi ya hasira yanamchoma, mtu mzima, mbele za watu.

Jokébed, jirani yake, ambaye ulimi wake haujawahi kukaa likizo, alisimama na kipande kimoja mkononi, nusu nyeupe nusu nyeusi.

"Papa Lusenge, ni dawa gani ulitia huku?"

"Ni gudron."

"Gudron ni nyeusi. Siye tuliona majivu."

"Majivu ni ya juu tu. Chini ni gudron, ilikuwa hapana bado kukauka."

"Na juu ya nini hapana ulituambia?"

Lusenge akamgeukia mkewe, akijua anamwonea, lakini hasira inatafuta mahali pa kwenda. "Na weye, Katungu? Haukuona ile nilikuwa nafanya?"

Katungu alijifuta mikono kwenye kitenge chake, na lami haikutoka.

"Nilikuona unapanda, unashuka. Nikuulize, utasema unafanya kazi." Akaendelea kujifuta. "Miye nilifikiri ulitutengenezea fasi ya kuanika. Hata niliambia bamama benzangu, bwana yangu ametufikiria."

Afadhali angempiga kofi. Lusenge aligeuka akaanza kuokota vipande vya lami vilivyotapakaa, na vyote vilikuwa na mihogo ndani, na mihogo yote ilikuwa na lami, na akaona kwamba amewapa watu njaa na bado hakuziba kitu. Wanawake walikusanya kilichokusanyika wakashuka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Rughenda.

Alijaribu kuusukumizia ufa udongo kwa mkono. Alijua ni kazi bure, maji yangeuosha kwa muda wa kukohoa. Akatazama chini, kwenye bati la nyumba yake, lile bati zima lisilo na tatizo alilolipiga misumari kwa uongo. Akautupa udongo uliokuwa mkononi, akashuka mlima akikimbia.

Élise alikuwa macho, mikono juu ya blanketi. Ukuta nyuma yake ulikuwa umelowa hadi usawa wa mto wa kulalia. Lusenge alisimama mlangoni akihema.

"Mama, ile maji haiko ya mabati."

"Najua."

"Unajua?"

"Maji ya mabati inaanguka kutoka juu, mwana wangu. Miye siku yote niko nalala naangalia juu. Hakuna hata tone iliniangukia." Alimtazama kwa macho yake madogo makavu. "Misumari pia nilisikia. Nikajisemea, huyu mutoto atatoboa bati bure."

Lusenge alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ukuta itaanguka, Mama. Ukuta ya papa. Niliogopa kukuambia."

"Ukuta ya papa yako?" Élise alitoa sauti, na ilimchukua Lusenge muda kuelewa kwamba anacheka. "Ile ukuta papa yako mwenyewe alikuwa anaitukana. Aliijenga mbiombio, mvua iko inamukimbiza. Kila mwaka alisema atabomoa, ajenge ingine. Akakufa iko inamungojea."

"Sasa juu ya nini hapana ulitoka? Nilikuuliza, ukakataa."

"Uliniuliza kama nataka moto ya jikoni. Hapana uliniuliza kama ukuta inaanguka." Alitafuta mkono wa mwanawe, akaupata, akaugeuza akitazama malengelenge ya lami. "Niliona unahangaika na mabati, kisha unapanda kule juu, unarudi na magoti imevimba. Nikafikiri, nikitoka mu chumba, atasema mama hapana anaamini kazi yangu. Nitamuvunja moyo. Njo maana nilibakia."

Safari yote ya Beni, magunia, vizuizi, yule mama wa Oicha na nguo zake za maombolezo, mihogo ya kina mama iliyoharibika, na kumbe mama yake, aliyepaswa kuokolewa, alikuwa amelala chini ya ukuta kwa kumhurumia yeye. Lusenge alitamani kucheka, akatamani kulia, na hakuna hata kimoja kilichokuja vizuri.

Katungu alikuwa ameshafika mlangoni na amesikia. Alipiga magoti kando ya kitanda, Lusenge akamwinua mama yake akamweka mgongoni mwa mkewe, wakamfunga kwa kitenge kama anavyobebwa mtoto, na Katungu akavuka naye ua hadi jikoni, matone ya kwanza yakianza kuanguka. Wakamkalisha karibu na moto, juu ya mkeka, kando ya kapu la mihogo yenye madoa.

Mvua ilikuja kwa hasira zake zote. Walikaa watatu, Katungu akiparura lami kwenye vipande kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, akivitenga vile vinavyoweza kuliwa. Jikoni kulinuka lami, ugali wa siku hizo ungenuka lami, hapakuwa na la kufanya. Katikati ya mvua ikasikika sauti nzito, si kubwa, kama mtu aliyechoka anajitupa chini. Juu kule, nyuma ya sauti hiyo, injini zilikuwa zinanguruma. Malori yalikuwa yanarudi.

"Ni nini hiyo?" Élise aliuliza.

Kwa mazoea Lusenge angesema ni radi. Neno lilikwisha kumfika mdomoni.

"Ni ukuta, Mama. Imeanguka."

"Yote, ao nusu?"

Alikwenda akachungulia, akarudi amelowa. "Yote. Na kitanda iko chini yake."

Katungu aliacha kuparura. Bibi kizee alitikisa kichwa polepole, akasogeza miguu yake isiyomtii karibu na moto kwa mikono.

"Sasa kaa," alimwambia mwanawe. "Unieleze vizuri, ile maji inapita wapi."

Lusenge akavuta kigoda, akachukua kisu na kipande cha muhogo chenye lami, akaanza kumweleza, tangu ufa wa kwanza.